Risasi katika Pindo la Koko

Mgeni akiingia chumbani ninamoshonea na kuniuliza lile kopo la maziwa juu ya cherehani lina nini, humjibu ukweli: lina risasi. Hapa kwetu Uvira neno hilo si la mchezo, na nimewahi kuona watu wazima wakirudi nyuma hadi mlangoni kabla sijamaliza kusema. Basi humfunulia aone. Ni risasi za nyavu, vile vipande vizito ambavyo wavuvi hufunga chini ya wavu ili uzame. Mimi huvishona ndani ya mapindo ya kanzu za ubatizo za kanisa letu la Kibaptisti, huku Kasenga. Kanzu isiyo na uzito chini hupanda juu mtu akiingia nayo ziwani, na ndugu waliokuja kuimba nyimbo za Bwana hujikuta wanatazama mapaja ya shemeji yao. Mama yangu alizishona hivyo kabla yangu, na baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Kalundu, ndiye aliyekuwa akimletea risasi kutoka kwa wavuvi.

Kila Noeli ikikaribia wananiletea gunia la kanzu nizitengeneze. Nikilifungua tu, harufu inaniruka usoni: sabuni ya kipande, maji ya ziwa yaliyokaukia kwenye kitambaa, na ukali kidogo wa madini. Hapo huwa siko tena kwenye kiti changu. Nakuwa mtoto asiye na meno ya mbele, nimeshika wembe, nimeamua kumwokoa bibi yangu. Na niseme mapema ili nisije nikaeleweka vibaya: sikujuta siku ile, wala sijutii leo.

Kwetu Noeli ilianzia majini. Majirani zetu Wakatoliki walikuwa na misa yao ya usiku, wakarudi nyumbani wakiimba na kutuamsha. Sisi tulikuwa na ziwa asubuhi. Kila mwaka wote waliomaliza mafundisho walibatizwa asubuhi ya Noeli, kisha tukapanda nao hadi kanisani kwa wimbo na ngoma, nguo zao zikichuruzika njia nzima, tukapita chini ya tao la matawi ya mingazi, ile michikichi yetu, na kuingia ibadani. Mtoto wa Kibaptisti wa Kasenga hakuweza kufikiria kuzaliwa kwa Yesu bila miguu yenye mchanga.

Koko, mama mzaa mama, hakulelewa hivyo. Alitoka katika tambarare ya Ruzizi, kwa watu wanaolima mpunga na muhogo na kusema Kirundi, Wakatoliki tangu kwa mababu. Alipomzika mume wake alikuja kukaa nasi, akapewa nusu ya kitanda changu. Alikuwa mfupi, mpana, kichwa kimefungwa kilemba mchana na usiku, na alinuka ugoro, ile tumbaku ya unga aliyoivuta puani kutoka kwenye kikopo kidogo alichokificha kifuani. Niliipenda harufu ile kuliko manukato yoyote. Tena yeye peke yake ndiye aliyeniita Kanwa, yaani mdomo kwa Kirundi, kwa sababu nilikuwa sinyamazi. Mama aliniita kwa jina langu, shuleni waliniita kwa jina langu, lakini jina langu la kweli, lile lililonifanya nigeuke hata nikiwa katikati ya mchezo, lilikuwa Kanwa.

Kila Jumapili alikwenda nasi kanisani na kuimba kwa sauti kubwa maneno asiyoyajua vizuri. Ila siku ya meza ya Bwana, ile sahani ya mkate ilimpita. Ilifika kwa mama, ikaruka mapaja ya Koko, ikaenda kwa baba. Koko aliifuata kwa macho mpaka mwisho wa benchi.

"Mwaka muzima sahani inapita mbele ya pua yangu," alisema siku moja tukitoka ibadani. "Minye ni mutoto? Minye ni mugonjwa?"

"Mama, ni sheria ya kanisa," mama alimjibu kwa upole. "Hamujaingia mu maji."

"Nilibatizwa! Padiri alinimwangia maji hapa." Akajipiga paji la uso.

"Ile ni maji kidogo, Mama. Huku banataka maji mingi."

Koko alikaza fundo la kilemba chake.

"Basi banipe ile mingi," alisema.

Baba alicheka hadi akakohoa. Lakini mama hakucheka, kwa sababu alimjua mama yake. Koko alikuwa anaogopa maji. Alikulia karibu na Ruzizi, mto wenye mamba, ambako watoto hufundishwa kuchota na kukimbia, na maisha yake yote hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Kila tuliposhuka ziwani yeye alikaa mbali, juu kwenye majani, akituita turudi. Sasa mwanamke huyo alikuwa ameomba azamishwe kichwa na yote.

Mafundisho yalifanyika Jumamosi kwenye baraza ya kanisa, na kwa kuwa sikuachana na Koko hata kwenda chooni, niliketi naye. Shemasi aliyefundisha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akafundisha ubatizo kama alivyofundisha hesabu, kwa sauti ya juu na rula mkononi.

"Muntu wa zamani anafanya nini?"

"Anakufa!" wanafunzi waliitika.

"Tunamuzika wapi?"

"Mu maji!"

"Na ule mwenye kutoka ni nani?"

"Ni muntu mupya!"

"Ule wa zamani anaweza kurudia?"

"Hapana!" walipiga kelele, na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Koko wangu.

Niliwatazama waliokuwa kwenye benchi lile. Kulikuwa na wasichana wa kwaya, kijana anayetengeneza baiskeli, mapacha wawili wa Mulongwe wenye ndevu changa. Vijana tupu. Mtu wa zamani pale alikuwa mmoja tu. Tena sikuhitaji kukisia, maana yeye mwenyewe alijiita hivyo kila siku. Mama akitia mafuta mengi kwenye sombe, yale majani ya muhogo, Koko alisema, "Siye bantu ya zamani hatukule hivi." Redio ikipiga muziki wa vijana, "Minye ni muntu ya zamani, zima hiyo kitu." Sasa shemasi, mwenye rula, alikuwa anaeleza wazi mbele ya watu wote kitakachompata mtu wa zamani siku ya Noeli, na watu wanaitika kwa furaha.

Nilitaka kuwa na hakika. Nilimngojea nyumbani, wakati anachambua maharage kwenye ungo, nikamuuliza kama ni kweli atakufa majini.

"Ego," alisema bila kuinua macho. Ndiyo. "Nitakufa kidogo."

"Na nani atakuya hapa ku nyumba?"

"Muntu mupya."

"Atalala na minye?"

"Atalala wapi pengine?"

"Atanijua?"

Alinitazama, na macho yake yakaanza kucheka. Alikuwa mtu wa utani, Koko, na utani wake haukuwa na breki. "Ile minye sijui," alisema. "Akitoka, umuulize weye mwenyewe."

Nawaambia, maharage yale sikuyala usiku huo. Mtu mpya! Mwanamke nisiyemjua, amevaa mwili wa Koko, anakuja kulala kwenye kitanda changu, hajui kwamba sipendi kulala upande wa ukuta, hajui hadithi ya fisi aliyeoa, hajui kwamba mimi ni Kanwa. Nilimtazama mama, nikamtazama baba. Walikuwa wanakula. Niliona kwamba kazi hii ni yangu.

Kisha nikaona risasi. Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, kanzu ya Koko mapajani, fupi na pana kuliko zote, na pembeni lile kopo. Alitumbukiza vipande kimoja kimoja ndani ya pindo na kushona kati yake. Nilimuuliza ni za nini. Alikuwa na pini mdomoni, na mshonaji mwenye pini mdomoni haelezi mambo, huyatema tu.

"Ya kushusha chini," alisema. "Bila hii inapanda juu."

Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikiona kikishonwa. Kila kitu kililingana: rula ya shemasi, "Hapana!" ya wanafunzi, na sasa mama yangu mzazi akitia uzito kwenye nguo ya mama yake ili abaki kule chini asirudi. Huyo mpya atatoka mwepesi, huyu wetu atabaki na risasi zake kwenye tope. Niliogopa kwelikweli. Lakini pamoja na woga nilipata mpango, na mpango mzuri humtuliza mtu hata akiwa na miaka michache. Nikitoa risasi, Koko wa zamani naye atapanda juu. Watatoka wote wawili. Huyo mpya kama anataka kukaa, akae, nyumba ina nafasi, anaweza kulala na baba na mama. Mimi nitachukua wa kwangu.

Siku ya kuamkia Noeli mvua ilinyesha tangu mchana. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Koko alikuwa anasinzia, na kanzu zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari ukutani, nyeupe, zimepigwa pasi. Nilichukua wembe wa mama, ule wa kufumulia, nikaketi chini ya kanzu ile fupi na kufumua. Nilifanya vizuri. Hata leo, nikiwa fundi, siwezi kusema nilifanya vibaya: nilikata uzi, sikugusa kitambaa. Risasi ziliniangukia kiganjani, ndogo na nzito kupita ukubwa wake. Nilizitia kwenye mifuko ya gauni langu jipya la Noeli, ambalo nilikuwa nimemlilia mama alitie mifuko. Kanzu za wale wengine sikuzigusa. Walikuwa na makoko wao wa kuwaokoa.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Tulishuka kwa wimbo hadi karibu na pale mto Mulongwe unapoingia ziwani. Wanawake waliokuwa wameanika ndagala, vile visamaki vidogo, mchangani walisogeza vitu vyao tupite, wengine wakasimama kutazama, maana ubatizo wa Kibaptisti haukuhitaji tiketi. Mto ulikuwa umeleta udongo, na ziwa karibu na ufuko lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Shemasi yule wa rula alitangulia na mti mrefu kuangalia kama hakuna kiboko, kwa sababu viboko wa Uvira hawana dini na wameshawahi kuahirisha ubatizo. Alirudi akasema njia ni safi.

Koko alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa ingawa hakuwa amegusa maji. Midomo yake ilikuwa inacheza, na niliposogeza sikio nilisikia anasali ile sala ya Kikatoliki aliyojifunza utotoni, salamu kwa Maria, harakaharaka, hapo hapo katikati ya Wabaptisti. Nilimwambia asiogope, nimeshapanga mambo. Hakunisikia.

Vijana waliingia mmoja mmoja. Mchungaji alisimama kwenye maji ya kifua, akamshika mtu mgongoni na kifuani, akasema maneno, akamlaza chini na kumwinua. Kila mmoja alipotoka kwaya iliongeza sauti. Kanzu zao zilishuka wima, kazi safi ya mama, naye mama alikuwa anaimba mstari wa mbele akizitazama kwa fahari. Halafu mchungaji aliita jina la Koko, na watu wakaanza kupiga makofi, kwa kuwa mzee akibatizwa ni sikukuu ndani ya sikukuu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Koko aliniachia mkono akaingia. Maji yalifika kwenye magoti, akasimama. Nilijua amefika mwisho wa maji aliyowahi kuyajua. Akavuta pumzi, akasonga mbele tena, na hapo kanzu ikaanza kuinuka. Iliinuka polepole kwanza, kisha ikavimba kama andazi kwenye mafuta, mbele na nyuma, ikamzunguka Koko mpaka kwapani. Na chini yake, mbele ya kanisa zima na wanawake wa ndagala na Wakatoliki waliokuja kutazama, ilionekana suruali. Koko alikuwa amevaa suruali ya kaki ya marehemu mume wake, ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Hakumwambia mtu. Hakuziamini kanzu za Wabaptisti, na kwa kweli alikuwa na haki.

Kwaya ilivunjika. Wengine waliimba, wengine walijiziba mdomo kwa vitenge. Mama yangu tu hakucheka. Alikuwa anatazama pindo, na uso wake ulikuwa wa fundi aliyeibiwa. Mchungaji alijaribu kuikandamiza kanzu upande huu, ikapanda upande ule. Mwisho akamshika Koko hivyo hivyo, akasema maneno, akamlaza. Kichwa kilizama, mabega yalizama, lakini lile puto jeupe lilibaki juu ya maji, na Koko mwenyewe akaibuka upesi akitema maji.

"Bado!" shemasi alipaza sauti kutoka ufukoni. "Hakuzama yote! Kitambaa iko juu!"

"Mumurudishe!" sauti nyingine ilisema.

Mimi nilikuwa nimesimama na mifuko yangu mizito, nikifurahi. Mpango ulikuwa unafanya kazi. Walikuwa wanataka kumzika mtu wa zamani na mtu wa zamani anakataa.

Mchungaji alimnong'oneza Koko kitu. Koko akatikisa kichwa kukubali. Kisha huyo mwanamke aliyekuwa akituita kutoka kwenye majani tusisogelee maji, akaikusanya kanzu yake mwenyewe kwa mikono miwili, akaibana kati ya magoti, na kwenda chini. Safari hii alizama yote. Maji ya chai yalifunga juu yake na hapakuwa na kitu, wala kanzu, wala Koko. Furaha yangu ilikatika kama uzi. Sikupiga kelele, mdomo ule ulioniletea jina ulikuwa wazi na hautoi sauti.

Akaibuka. Watu walipiga vigelegele, ngoma ikaanza, na yeye akaanza kutembea kuelekea ufukoni, kuelekea kwangu. Na mimi sikumjua.

Kilemba kilikuwa kimebaki majini. Sikuwahi kuona kichwa cha Koko bila kilemba, hata kitandani. Huyu mwanamke alikuwa na nywele fupi nyeupe kabisa, zimelala kwenye fuvu, na uso wake bila kile kitambaa ulikuwa mdogo na mpya. Alipofika karibu nilivuta hewa kwa nguvu kutafuta ule ugoro. Hakuna. Alinuka ziwa tupu. Nilitazama nyuma yake, kwenye maji, kuona kama wa pili anakuja. Hakuna aliyekuja. Basi walifanikiwa, niliwaza. Risasi nilizitoa na bado walifanikiwa.

Lakini alikuwa ameniambia nimuulize. Kwa hiyo nilisimama mbele yake njiani, watu wote wakituzunguka, nikamuuliza kwa sauti yangu yote.

"Weye ni nani?"

Aliinama akanitazama, matone yakimdondoka kidevuni. Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi.

"Kanwa," alisema, "funga kanwa. Leta kitenge, minye iko baridi."

Nimesikia mengi matamu maishani. Nimeambiwa napendwa, nimesikia mwanangu wa kwanza akilia, nimesikia redio ikisema vita vimekwisha hata kama havikuwa vimekwisha. Hakuna lililonifikia kama lile. Nilimrukia kiunoni, nikashika ile suruali ya babu iliyolowa, nikalia kwa kelele mpaka kwaya ikavunjika mara ya pili, na nilipokuwa nikiruka mifuko yangu ilielemewa na risasi zikamwagika mchangani, miguuni pa mama.

Mama aliziangalia. Aliangalia gauni langu. Mkono wake ulikuwa umeshapanda.

"Ni weye?" alisema. "Juu ya nini? Mbele ya kanisa lote! Juu ya nini?"

Nilimweleza, kwikwi ikikata kila neno, kwamba yeye mwenyewe alisema ni za kushusha chini, na shemasi alisema wa zamani hawezi kurudia, na mimi nilitaka watoke wote wawili. Shemasi alisikia. Mchungaji, aliyekuwa anakamua mikono ya joho lake, alisikia pia, akageuka kutazama ziwa, na mabega yake yakawa yanatikisika.

"Shusha mukono, mama," Koko alimwambia binti yake. "Hii yote kanisa ilikuwa inapiga makofi bananizika. Ni huyu moja tu alikuya kunichukua."

Mkono ulishuka. Mama akapiga magoti kuokota risasi zake, maana zilikuwa ngumu kupatikana, na nikamsikia akicheka kule chini mchangani.

Asubuhi ile meza ya Bwana ilitandikwa kwa ajili ya wapya. Koko aliketi mstari wa mbele, kitenge kikavu mabegani, na sahani ilipokuja haikumpita. Alichukua kipande chake cha mkate, akakitafuna muda mrefu kama nyama, akifumba macho. Nyumbani tulikula wali wa tambarare na mbuzi na mikebuka, samaki wa ziwa letu, na Koko alimweleza kila jirani aliyekuja kutusalimu kwamba wenzake wote walibatizwa mara moja, yeye mara mbili, na ukiongeza ile ya padiri ni tatu, kwa hiyo mbinguni asisumbuliwe mlangoni. Na shemasi, mwaka uliofuata, alipofika kwenye swali la mtu wa zamani alisimamisha rula hewani na kuonya, kwanza kwa Kifaransa, "Attention! Hatuseme juu ya bazee!"

Ugoro aliuacha. Alikuwa amemwahidi mchungaji, na kile kikopo alikuwa amekitupa asubuhi ile kabla hatujashuka. Sikuwahi kuisikia tena harufu ile shingoni mwake. Kwa hiyo shemasi hakuwa amekosea kabisa. Kuna kidogo kilichobaki kule majini, na mimi nilikikosa, na wakati mwingine nilikilia kimyakimya upande wa ukuta. Lakini aliyelala karibu nami aliijua hadithi ya fisi, na hilo lilitosha. Baadaye alianza kushuka nami ziwani, akaingia mpaka kiunoni, akaniambia maji yameshamjaribu mara mbili yakashindwa.

Ule ufuko leo haupo. Ziwa limepanda, limemeza mchanga na nyumba zilizokuwa nyuma yake, na pale Koko aliposimama sasa ungehitaji mtumbwi. Tunabatiza mahali pengine. Kanzu ni zile zile, na nyingine nimeziongeza.

Koko alitutoka msimu huu wa mvua, nyumbani, kitandani, amejaa siku zake. Mpaka wiki ya mwisho aliniita Kanwa mbele ya watoto wangu, nao wakaniita hivyo kwa siri. Wanawake wa kanisa walikuja kulia na kupika, na mimi nikaingia chumbani kwangu, nikakata kitambaa cheupe, nikashona kanzu yake ya mwisho, fupi na pana. Kuna waliosema nina moyo mgumu kwa sababu sikulia nilipokuwa nashona. Si moyo mgumu. Nilishawahi kumwona huyu mwanamke akizikwa. Nilisimama pale na kumwona akipotea kabisa, na nilimwona akirudi, na neno la kwanza alilotamka lilikuwa jina langu.

Mama ni mzee sasa, macho yamefifia, na kazi ya wengine huikagua kwa vidole. Nilipomaliza aliichukua ile kanzu mapajani, akapitisha vidole kwenye pindo lote, taratibu, mzunguko mzima.

"Hii haina risasi," alisema.

"Haina, Mama."

"Itapanda juu."

"Ego," nilimjibu. "Ipande."